Kabla Utume Mzigo Majuu, Cheki Kama Kule Unaruhusiwa: Risiti ya Kutuma Si Ruhusa ya Kuingia

Ukikaa Fedha, kelele ya ndege umeizoea kama honi za matatu za Outering. JKIA iko hapo tu, na kati ya Fedha, Nyayo, Tassia na Pipeline ni ngumu kupata ploti ambayo haina mtu mwenye ndugu majuu, ama mtu anauzia watu wa majuu kitu. Mathe anataka kutumia binti yake Minnesota unga na nyama kavu. Dem wa ghorofa ya tatu anashona mikoba ya kitenge na wateja wake wako Instagram. Kuna msee ana brathe Saudia ameomba atumiwe dawa za maumivu ya mgongo. Wote wanaenda kwa duka la kutuma mizigo, kitu kinapimwa kilo, wanalipa, wanapewa risiti na namba ya kufuatilia. Wanarudi nyumbani wakijua kazi imeisha.

Sasa hapo ndipo wengi huramba lolo. Hiyo risiti inasema jambo moja tu: umelipia usafiri. Haisemi kwamba nchi unayotumia imekubali hicho kitu kiingie. Anayebeba mzigo anauza nafasi kwa ndege. Anayeruhusu uingie ni ofisa wa forodha wa kule, na huyo hajawahi kuskia kuhusu Fedha na hana haja na risiti yako. Mambo yakiharibika, doo ya usafiri hairudi, mzigo haurudi, na wakati mwingine mwenye jina kwa boksi anaitwa kujieleza.

Na usidhani ni shida ya wasafirishaji wakubwa. Kampuni ya maua Naivasha ina mtu ameajiriwa kusoma sheria za Ulaya kila asubuhi. Wewe una simu na bando ya shilingi 50. Ndio maana hii stori inakuhusu wewe zaidi kuliko wao.

MAREKANI ILIFUNGA MLANGO WA DOLA 800

Tuanze na ile ilishtua wasee wengi. Tangu 2016, kifurushi chenye thamani ya hadi dola 800 kilikuwa kinaingia Marekani bila ushuru. Hiyo ni zaidi ya laki moja ya Kenya. Kwa mtu anauza vitu vidogo vidogo onlaini, huo mlango ndio ulikuwa biashara yenyewe. Kiondo kimoja, sandali pea mbili, kikoi tatu, unafunga, unatuma, mteja Atlanta anapokea kwa mlango wake bila kuulizwa kitu.

Mei 2, 2025 Trump akafungia huo mlango mizigo ya China na Hong Kong. Mwisho wa Julai akatia sahihi amri ya kufungia dunia nzima, kuanzia Agosti 29, 2025. Yaani watu walipewa mwezi mmoja hivi wa kujipanga.

Posta za nchi nyingi hazikuwa na mfumo wa kukusanya ushuru wa Marekani kabla mzigo haujaondoka. Zikaona heri ziache kupokea mizigo kwanza. Shirika la Posta Duniani, UPU, lilisema posta 88 zilisitisha huduma za kwenda Marekani, zingine kabisa, zingine nusu nusu. Mizigo ya posta kuingia Marekani ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80 siku hiyo, ukilinganisha na wiki moja kabla.

Angalia hapo vizuri. Hakuna mtu alipiga marufuku kiondo. Kiondo kilibaki halali vile vile. Kilichobadilika ni makaratasi, nani analipa ushuru, na lini analipa. Lakini kwa dem wa mikoba, matokeo ni yale yale: mteja anaambiwa alipe doo hakupanga, anakataa, mzigo unarudi ama unatupwa, na yeye anarudisha pesa ya watu.

Kwa hivyo ukiskia "vikwazo vya kuingiza bidhaa", usifikirie tu vitu kama bunduki na bangi. Kuna vitu havitakiwi kabisa. Kuna vitu vinatakiwa lakini na cheti. Halafu kuna vitu viko sawa, ila vikizidi bei fulani kuna ushuru. Uingereza, kwa mfano, zawadi ikipita pauni 39 inaanza kutozwa VAT. Umoja wa Ulaya, zawadi ya mtu kwa mtu ikipita euro 45. Na kama umeuza, hata kama ni kitu cha euro tano, tangu Julai 1, 2021 Ulaya inataka VAT kutoka shilingi ya kwanza.

Ndio maana ule ujanja wa kuandika "zawadi" kwa kila boksi umepitwa na wakati. Ofisa akiona mikoba sita inafanana, kila moja na bei imeningʼinia, hahitaji digrii kujua hiyo si zawadi ya besdei.

JANI MOJA, SHERIA MBILI

Kama kuna kitu kinaonyesha hii maneno vizuri ni miraa. Hapa Kenya ni zao halali. Unainunua kwa base yoyote ya Eastlands, na familia nyingi za Igembe zimesomesha watoto nayo. Kwa miaka, mabunda yalikuwa yanatoka Meru usiku, yanapita Nairobi, yanapanda ndege, na jioni yake yako London.

Uholanzi ikafunga Januari 2013. Uingereza ikafuata Juni 24, 2014, ikaiweka kwa dawa za kulevya za kundi C. Kuanzia hiyo siku, ukipatikana unaiuza ama unaiingiza huko, sheria inaruhusu ufungwe hadi miaka 14. Na hii ndio sehemu ya kuuma: baraza la wataalamu linaloshauri serikali ya Uingereza kuhusu dawa za kulevya lilikuwa limesema Januari 2013 kwamba hakuna sababu ya kutosha ya kuipiga marufuku. Theresa May, wakati huo akiwa waziri wa mambo ya ndani, akaendelea tu. Wabunge wetu walienda, wakabonga, haikusaidia.

Funzo ni kwamba sheria ya kuingia haingoji ukweli wako. Haijali kwamba kwenu ni halali, kwamba babu yako alikuwa anaitafuna, ama kwamba wataalamu wamekubaliana na wewe. Marekani nayo, kemikali ya kathinoni iliyo ndani ya miraa mbichi iko kwa orodha kali kabisa ya dawa haramu, na forodha ya huko hushika kila mara mizigo ya miraa kavu iliyoandikwa kwa boksi eti ni chai ama hina. Falme za Kiarabu na Saudia pia hawataki hata kuskia.

Kwa hivyo msee wa base akikwambia "wee nitumie tu kamzigo kadogo, niandikie ni majani chai, jamaa yangu atapokea", jua anakuomba ubebe kesi yake kwa jina lako. Kwa fomu ya kutuma kuna namba yako ya kitambulisho. Yake haipo.

Na miraa inaonyesha kitu kingine: mlango unaweza kufungwa na siasa na ukafunguliwa na siasa. Somalia ilizuia ndege za miraa Machi 2020, sababu iliyotolewa ikiwa korona. Watu wengine wakasema ni uhusiano mbaya kati ya Nairobi na Mogadishu. Ndege zilirudi Julai 2022, baada ya marais kukaa chini na kuelewana. Miaka miwili na zaidi. Mkulima wa Maua hakuwa amekosea kitu, na hakuna cheti angetafuta kingemwokoa.

HATA SISI TUNAFUNGIA WENZETU

Kabla tulie sana kuhusu wazungu, tujiangalie kwanza. Machi 5, 2021, mamlaka yetu ya kilimo, AFA, iliandikia forodha barua: mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingie, yana sumukuvu. Lori zilikuwa tayari barabarani. Dereva aliyetoka shambani mzigo ukiwa halali alifika mpakani ukiwa haramu. Siku tano baadaye, Machi 10, ikafunguliwa na masharti: wanaoingiza wajisajili, na mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haijapita kiwango. Siku tano ni chache ukizisoma kwa simu. Ukiwa umelala chini ya lori Namanga na mahindi ni ya mkopo, ni mingi.

Tanzania nayo ina yake. Mwaka 2017 maofisa wake walichoma vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga. Wakenya walilia kwa mitandao wiki nzima. Tanzania ikasema kuku wa nje wamezuiwa ju ya magonjwa, sheria ni sheria. Unaweza kubishana kama kuchoma ilikuwa utu, lakini huwezi kubishana kwamba aliyenunua vifaranga hivyo alijua mlango umefungwa ama alifaa kujua.

Halafu kuna karatasi za plastiki. Kenya ilipiga marufuku Agosti 28, 2017, na faini inaweza kufika milioni nne. Rwanda ilikuwa imetutangulia miaka mingi, Tanzania ikafuata Juni 1, 2019. Kwa hivyo hata kile umefungia mzigo ndani kinaweza kuwa ndicho kimekatazwa, na bidhaa yenyewe iko sawa. Watu hukagua bidhaa wanasahau mfuko.

BOKSI LA MATHE

Turudi kwa mathe na binti yake wa Minnesota. Hapa ndipo mizigo mingi ya mtaani huanguka, ju chakula ndicho kitu watu wanamiss na ndicho kitu nchi nyingi zinaogopa zaidi. Hawaogopi ladha. Wanaogopa ugonjwa wa mifugo na wadudu wa mashamba. Kenya ina ugonjwa wa miguu na midomo kwa ngʼombe, kwa hivyo nyama yetu, hata ikiwa kavu kama kiatu, Marekani haiitaki. Uingereza na Umoja wa Ulaya pia hawataki nyama wala maziwa kutoka kwetu kwa mizigo ya watu binafsi. Hiyo ni pamoja na mursik, samli, soseji na ile nyama ya kukaushwa mathe amefunga kwa foili mara tatu.

Samaki ni afadhali. Ulaya inakubali hadi kilo 20 za samaki kwa matumizi yako mwenyewe, wakiwa wametolewa matumbo kama ni wabichi, ama wamekaushwa ama kupikwa. Asali inakubalika hadi kilo mbili.

Matunda na mboga ndiyo stori ya kuchekesha. Tangu Desemba 14, 2019, karibu kila tunda, mboga, ua ama mbegu ikiingia Ulaya lazima iwe na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi ilikotoka. Matunda yaliyoachwa ni matano: nanasi, nazi, duriani, ndizi na tende. Yaani shosho akikufungia ndizi, uko sawa. Akikufungia embe, avokado, managu ama mrenda mbichi bila cheti, hizo ni za pipa la takataka.

Na embe haikuwekwa hapo kwa ubaya wa roho tu. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kutuma maembe Ulaya, baada ya mizigo kukutwa na nzi wa matunda. Kurudi kulichukua hadi 2021, na ikabidi kwanza kuwe na maeneo ya kupambana na hao nzi. Mdudu mmoja kwa boksi la mtu mmoja anaweza kufungia kaunti nzima soko. Kwa hivyo ofisa akitupa embe lako, hachezi.

Cheti cha mimea hapa kwetu kinatolewa na KEPHIS, na wako na wakaguzi JKIA. Cha mazao ya wanyama kinatoka kwa idara ya mifugo ya serikali. Lakini cheti chako hakifungui mlango ambao umefungwa kabisa. Uliza kwanza kama kitu kinaruhusiwa, ndio utafute cheti.

Marekani ina moja zaidi. Ukituma chakula kwa posta ama kwa kampuni ya mizigo, mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, inataka ipewe ilani kabla hakijafika. Wameachilia chakula kilichopikwa nyumbani na mtu binafsi, kinachotumwa kama zawadi kwa mtu binafsi. Kwa hivyo mandazi makavu ya mathe yana afadhali kuliko katoni ya biskuti za supamaketi, kwa upande wa makaratasi. Lakini ile nyama bado ni hapana. Kahawa iliyokaangwa na majani chai yaliyofungwa kiwandani ndiyo huwa na shida kidogo kwa nchi nyingi.

WAUZAJI WA INSTAGRAM, HII NI YENU

Kitenge, kikoi, shuka, fulana: hivyo ni vitambaa, na shida yake kubwa ni ushuru. Kisu kinaingia mfupa ukianza kutumia vitu vya asili.

Kinyago cha mbao, kijiko cha mbao, bakuli: nchi kama Australia zinataka viwe bila wadudu, bila maganda ya mti, na vitangazwe. Kikionekana na tundu moja la mdudu, kinatibiwa kwa gharama ya mwenyewe, kinarudishwa ama kinaharibiwa. Ushanga wa mbegu ni balaa zaidi, kwa sababu mbegu ni kitu kinaweza kuota. Ngoma yenye ngozi na nywele bado juu yake, hiyo ni mazao ya mnyama. Heleni za mfupa na pembe za ngʼombe nazo zinaweza kufanana na pembe za ndovu kwa macho ya ofisa, na biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu imekatazwa. Kama huna ithibati ya ulivyotengeneza na ni mnyama gani, mjadala utakuwa mrefu.

Ukitaka kulala usingizi, uza jiwe la Kisii. Jiwe haliambukizi mtu, halioti, halina mdudu.

Kuna namba moja pia kila muuzaji anafaa kujua: namba ya HS. Ni namba ya tarakimu sita inayotambulisha bidhaa, na karibu dunia nzima inaitumia. Kahawa mbichi ni 0901.11, ikikaangwa inakuwa 0901.21. Kwa mdomo zote ni kahawa, lakini kwa sheria ni vitu viwili na vinaweza kutendewa tofauti. Ukiandika kwa fomu "vitu vya nyumbani" ama "zawadi mbalimbali", unampa ofisa sababu ya kufungua. Ukiandika "mkoba wa pamba, umeshonwa kwa mkono, Kenya" na namba yake ya HS, umemrahisishia kazi.

DAWA NA BETRI: HAPA SI HASARA TU, NI JELA NA MOTO

Rudi kwa yule msee ana brathe Saudia. Dawa za maumivu unazonunua hapa kwa kemia bila maswali mengi zinaweza kuwa dawa za kulevya kule. Tramadoli na kodeini ziko kwa orodha ya dawa zinazodhibitiwa Falme za Kiarabu, na zinahitaji kibali kabla hazijaingia. Desemba 2017 mwanamke Muingereza alihukumiwa miaka mitatu Misri kwa kuingia na vidonge 290 vya tramadoli, akisema alikuwa anampelekea mpenzi wake mwenye maumivu ya mgongo. Ona vile nia ilikuwa nzuri. Korti haikupima nia, ilihesabu vidonge.

Sasa fikiria brathe wako, ambaye karatasi zake za kazi ziko kwa mkono wa mwajiri, akiitwa kuchukua boksi lenye jina lake. Wewe uko Fedha unangoja aseme asante. Kama dawa ni ya lazima, aandikiwe na daktari wa huko. Usiwai kuituma kimyakimya ndani ya soksi. Na wakati uko hapo, kumbuka pombe haiingii Saudia kwa mizigo ya watu, hata kama ni kachupa kadogo ka kusherehekea.

Betri ni stori tofauti. Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu zinazotumwa peke yake, ikiwemo pawabanki, hazikubaliwi kama mizigo kwa ndege za abiria, ju zikishika moto hewani ni kubaya. Simu yenye betri ndani ina masharti yake. Manukato na rangi ya kucha pia huhesabiwa kama vitu vinavyoshika moto. Usiviweke bila kusema ukidhani hazitaonekana. Mashini ya kukagua inaona.

HATA KUTOKA KUNA SHERIA

Kuna wasee hufikiria shida iko upande wa kupokea pekee. Aprili 2025, vijana wawili Wabelgiji walishikwa Naivasha na karibu malkia 5,000 wa siafu, wamewekwa kwa vichupa zaidi ya 2,000 vyenye pamba. Kenya nzima ilicheka. Siafu kweli? Korti haikucheka. Pamoja nao, kwa kesi nyingine, kulikuwa na Mvietinamu na Mkenya. Mei 7 kila mmoja alipigwa faini ya milioni moja, ama mwaka mmoja ndani. Wadudu wa porini wako chini ya KWS, na kuwatoa nchini bila kibali ni uhalifu hata kama ni wadogo kuliko punje ya mchele.

Na sheria za kutoka pia hubadilika ghafla. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma vya skrapu pamoja na kuviuza nje, baada ya minara ya stima kuharibiwa. Mei mwaka huo huo ikafunguliwa na masharti mapya. Wale wasee wa skrapu wa Eastlands wanakumbuka hiyo miezi.

NANI ANAKULA HASARA?

Hili ndilo swali wanaouza usafiri hawapendi. Soma nyuma ya risiti ama yale masharti uliyobonyeza "nakubali" bila kusoma. Karibu kila mahali imeandikwa kwamba mtumaji ndiye anahakikisha bidhaa ni halali kule inaenda. Kwa hivyo ofisa wa kaunta akikwambia "hiyo itapita tu, tunatumanga kila siku", huo ni maoni. Mwambie akuandikie kwa meseji ama barua pepe uone vile sauti itabadilika.

Ukitumia ajenti anayechanganya mizigo ya watu wengi kwa kontena moja, kuna noma ya ziada. Mzigo wa mtu mmoja ukiwa na shida, kontena nzima inaweza kusimamishwa. Wewe umetuma vitabu, mwenzako ameficha nyama, na nyote mnangoja, huku gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku. Muulize ajenti jinsi anavyokagua vitu vya wengine kabla hujampa vyako.

MASWALI MATANO KABLA ULIPE

Moja: hiki kitu kimetengenezwa na nini? Kila kitu, mpaka kishikio, rangi na karatasi ya kufungia. Ikiwa kuna mnyama, mmea, mbegu, kemikali ama betri, simama kwanza.

Mbili: kinaenda wapi hasa, na kinapitia wapi? Mzigo wa Canada unaopitia Dubai unaweza kukaguliwa Dubai, kwa sheria za Dubai.

Tatu: tovuti ya forodha ya nchi hiyo inasemaje leo? Tafuta ya serikali yenyewe, usisome video ya TikTok ya mwaka juzi. Nyingi zina ukurasa wa vitu vilivyokatazwa. Kwa upande wa Kenya, InfoTradeKenya inaonyesha hatua za kutoa bidhaa nchini. Na kama wewe ni muuzaji wa kila mara, kuna ePing, mfumo wa bure wa mashirika ya biashara ya dunia. Unachagua bidhaa na nchi, na sheria mpya ikipendekezwa unatumiwa barua pepe.

Nne: anayepokea anajua? Mwambie kila kitu kilicho ndani, na bei ya kweli. Yeye ndiye ataulizwa, na yeye anaweza kupigia forodha ya kwao simu ya bei rahisi kuliko wewe.

Tano: kikikataliwa, nimekubali kukipoteza? Kama jibu ni hapana, tuma sampuli moja kwanza. Boksi la kilo mbili likikwama linauma. La kilo 40 likikwama linafunga biashara.

MNATUAMBIA TUUZE DUNIA, TUAMBIENI SHERIA

Kila mwaka vijana wanaambiwa waache kungoja kazi, waingie mtandaoni, wauze dunia nzima. Sawa. Lakini mkulima mkubwa ana chama, ana wakili, ana mtu Brussels. Dem wa mikoba ana kaunta ya mizigo na ofisa ambaye naye hajui. Ile barua ya mahindi ya 2021 ilimfikia ofisa wa forodha kabla imfikie dereva. Amri ya Agosti 2025 ilifikia wengi mzigo ukiwa tayari njiani.

Haingegharimu bilioni kwa kila duka la kutuma mizigo kubandika ukutani orodha ya nchi kumi zinazotumiwa sana na watu wa hapa, na vitu vilivyokatazwa kila moja, kwa Kiswahili, na tarehe ya mara ya mwisho kucheki. Wanabandika bei ya kila kilo bila shida. Mpaka siku hiyo ifike, hiyo kazi ni yako. Dakika 20 kwa simu kabla ya kufunga boksi, na ukipata jibu ni hapana, mathe atakasirika kidogo halafu atume chai.

Mtaa unaitwa Fedha. Zisiishie kwa pipa la forodha.